Waliochagua lugha ya soko: Indonesia ikitazamwa kutoka Kindu

Mwaka 1928 kulifanyika mikutano miwili ambayo mwanafunzi wa lugha angefaa kuikumbuka pamoja. Wa kwanza ulikuwa Mombasa, mwezi wa Juni. Maafisa wa serikali za kikoloni za Waingereza na wamisionari walikubaliana kwamba Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu katika Afrika Mashariki. Wa pili ulikuwa Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, nao ulimalizika tarehe 28 Oktoba. Vijana waliotoka visiwa mbalimbali vya koloni la Waholanzi walitoa ahadi ya mambo matatu. Walikiri nchi moja, wakakiri taifa moja, wakaahidi kuiheshimu lugha ya umoja waliyoiita Bahasa Indonesia.

Huko Mombasa lugha ilichaguliwa na wageni waliotaka njia nyepesi ya kutawala na kufundisha. Huko Batavia ilichaguliwa na wenyeji waliotaka kujitawala. Sisi wa mashariki ya Kongo hatukuitwa kwenye mkutano wowote kati ya hiyo miwili, na mpaka leo, nionavyo mimi, bado hatujafanya wa kwetu.

Ndugu wasomaji, na nyinyi walimu wetu, maoni yangu ni kwamba kitivo cha lugha cha Kindu kinaweza kujifunza kwa Indonesia mambo ambayo hakiwezi kujifunza Paris wala Bruxelles. Lakini si lile ambalo watu hulisema kwanza: «wao wana lugha moja, basi na sisi tuchague moja.» Nitaeleza kwa nini.

Kwanza nchi yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, kati ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu kama milioni 270, na hivyo ni ya nne duniani kwa wingi wa watu. Visiwa vyake vikubwa ni Sumatra, Java, Sulawesi, sehemu kubwa ya Borneo inayoitwa Kalimantan, na nusu ya magharibi ya Guinea Mpya. Zaidi ya nusu ya wananchi wamebanana katika kisiwa kimoja tu, Java. Walio wengi ni Waislamu, lakini Bali ni kisiwa cha Wahindu na Flores ni cha Wakatoliki. Ikweta inapita katika mji wa Pontianak kama inavyopita kwetu Mbandaka. Na jambo linalotuhusu sana sisi: lugha zinazosemwa huko zinapita 700. Kongo yetu, ambayo tunazoea kuiita mnara wa Babeli, ina zaidi ya 200.

Nchi hii iko mbali, lakini historia yake na yetu zimegusana mara nyingi. Leopold II, kabla hajawa mfalme, alisoma kitabu cha Mwingereza J. W. B. Money kilichotoka mwaka 1861 juu ya namna Waholanzi walivyovuna faida katika Java. Huko, kuanzia mwaka 1830, wakulima walilazimishwa kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya serikali. Kitabu hicho kilimvutia sana. Kwa hiyo wazo kwamba koloni inaweza kumtajirisha mwenyewe kwa kazi ya lazima lilijaribiwa Java kabla ya kutufikia sisi na vikapu vya mpira. Mwaka 1960 Indonesia, ambayo yenyewe ilikuwa imetoka vitani na Waholanzi miaka kumi na moja tu nyuma, ilituma askari wake wa kikosi cha Garuda II katika jeshi la Umoja wa Mataifa hapa Kongo. Miaka mingi baadaye wahandisi wa jeshi lake walifanya kazi Dungu.

Kuna pia mafuta tunayopikia sombe. Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, katika Java, na leo Indonesia ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mawese. Wao wana bati la Bangka na Belitung, sisi tuna lile la Kalima na Kailo. Wao wana msitu wa Kalimantan na Papua, sisi tuna huu unaoanzia nyuma ya nyumba zetu. Na mwaka 2022, huko Bali, Kongo, Indonesia na Brazili zilitia sahihi mapatano ya kuilinda misitu yao kwa pamoja. Nani angependa kujua kwa nini mti uliotoka kwetu umewatajirisha wengine, na amwulize mwanauchumi. Mimi ni mwanaisimu, nitabaki kwenye lugha.

Mwanafunzi wa Kiswahili akifungua kamusi ya Kiindonesia atakutana na jamaa zake. Kitabu ni *kitab*, dunia ni *dunia*, habari ni *kabar*, wakati ni *waktu*, sababu ni *sebab*, hukumu ni *hukum*, sabuni ni *sabun*. Meza ni *meja* na bendera ni *bendera*. Maneno ya kwanza yalitoka Uarabuni, haya mawili ya mwisho yaliletwa na Wareno, na yote yalisafiri katika bahari moja. Hata neno la Kireno la kanisa, *igreja*, lilifika pande zote mbili: kule likawa *gereja*, na maana yake bado ni kanisa, kwetu likawa gereza. Ninawaachia wanahistoria waeleze safari ya neno hilo. Wala tusisahau kwamba Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ni ndugu ya lugha za bonde la mto Barito katika Borneo. Bahari ya Hindi haikuwa ukuta.

Lakini ujamaa wa maana zaidi hauko katika maneno, uko katika kazi ambayo lugha hizi mbili zilifanya. Kimalei kilikuwa lugha ya bandari na soko. Mfanyabiashara wa Sumatra alikitumia kwa mtu wa Maluku, Mchina alikitumia kwa Mjava, na Mholanzi alikitumia kwa wote. Wachache sana walikuwa wamezaliwa nacho. Kiswahili kilifika Maniema hivyo hivyo, pamoja na misafara iliyotoka pwani kupitia Ujiji, kikakaa Nyangwe na Kasongo, kisha kikashuka Lualaba. Leo, kwenye mtumbwi unaovuka kutoka Alunguli kuja sokoni Kasuku, Mlega, Mkusu, Msongola na Mbangubangu hawana haja ya kuulizana watumie lugha gani.

Basi, vijana wale wa mwaka 1928 walifanya nini hasa? Ninaona mambo matatu.

La kwanza, hawakuchagua lugha ya walio wengi. Wajava walikuwa kabila kubwa kuliko yote, na Kijava kilikuwa na maandishi ya karne nyingi na fasihi ya kifalme. Lakini Kijava kinambagua mtu kwa cheo: unamwambia mkubwa maneno mengine na mdogo maneno mengine, na kila sentensi inataka ujue kwanza nani yuko juu. Kimalei cha soko hakikuwa na mzigo huo. Vijana wa Kijava walikubali kuweka pembeni faida ya lugha yao ya mama. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, jaribu kuwaza kabila kubwa la nchi yoyote ya Afrika likifanya vivyo hivyo bila kulazimishwa.

La pili, ahadi yao ilisemwa kwa uangalifu. Katika sehemu mbili za mwanzo kuna neno «moja»: nchi moja, taifa moja. Katika sehemu ya tatu halimo. Hawakusema kwamba wana lugha moja. Walisema wataiheshimu lugha ya umoja. Tofauti hiyo si ndogo. Lugha ya umoja inaweza kukaa na nyingine nyumba moja. Lugha moja haiwezi.

La tatu, na hili ndilo tunalolisahau, baada ya ahadi walifanya kazi. Tahajia ya kwanza rasmi ilikuwa imetengenezwa na Mholanzi, van Ophuijsen, mwaka 1901. Mwaka 1947 waliirekebisha wenyewe, *oe* ikawa *u*. Mwaka 1972 wakairekebisha tena kwa kupatana na Malaysia, na ndipo Djakarta ikawa Jakarta. Wajapani walipoitawala nchi kuanzia 1942 hadi 1945 walipiga marufuku Kiholanzi; mara moja shule, ofisi na magazeti yalihitaji maneno ambayo hayakuwepo, na tume ikakaa kuyatunga. Katiba ya mwaka 1945, kifungu cha 36, ikaitaja Bahasa Indonesia kuwa lugha ya taifa. Kamusi kubwa ya taifa ilitoka mwaka 1988. Novemba 2023 UNESCO iliikubali kuwa mojawapo ya lugha rasmi za mkutano wake mkuu. Kutoka ahadi ya vijana hadi hapo ni miaka 95.

Mfano mmoja utaonyesha kazi hiyo inafananaje. Kutoka mzizi *ajar* Waindonesia wanapata *belajar*, kujifunza, *mengajar*, kufundisha, *pelajar*, mwanafunzi, *pengajar*, mwalimu, *pelajaran*, somo. Sisi kutoka -funza tunapata jifunza, fundisha, mwanafunzi, funzo, mafunzo, ufundishaji. Lugha zote mbili zina vyombo vya kutosha vya kuzaa maneno. Wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi wanazungumzia kazi ambayo haijafanywa, wala si udhaifu wa lugha.

Sasa bei yake, maana nisingependa msomaji adhani ninauza pepo. Chini ya Suharto, aliyetawala hadi mwaka 1998, shule za Kichina zilifungwa na maandishi ya Kichina yakakatazwa hadharani. Timor ya Mashariki ilivamiwa mwaka 1975, watu wake wakafundishwa kwa Kiindonesia, na walipopata uhuru mwaka 2002 walichagua Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi. Huko Papua wapo wanaoona lugha ya umoja kama lugha ya askari. Na katika visiwa vingi lugha ndogo zinakufa bila mtu kuzikataza: wazazi wanazungumza Kiindonesia na watoto kwa sababu ndicho cha shule na kazi, kisha baada ya vizazi viwili hakuna wa kujibu.

Bei hiyo ninaijua kwa karibu. Mama yangu ni Mlega, baba yangu ni Mkusu, na nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili. Bibi mzaa mama anaponiambia jambo kwa Kilega ninalielewa, lakini ninamjibu kwa Kiswahili, naye amezoea. Nina miaka 24 na ninasomea lugha za Kiafrika. Ninaweza kukuchorea jedwali la ngeli za Kilega, lakini siwezi kumpigia bibi hadithi kwa Kilega mpaka mwisho. Wengi katika promosheni yetu wako hivyo hivyo, kwa Kikusu, Kizimba, Kisongola au Kigengele. Hakuna sheria iliyotufanya hivi. Ni ushindi wa lugha ya soko. Ndiyo maana ninasema mtu anayetetea Kiswahili katika Maniema bila kutaja Kilega na ndugu zake hajasoma historia ya Indonesia mpaka ukurasa wa mwisho.

Nitajibu pingamizi nne ninazozisikia mara nyingi tunapobishana juu ya haya.

Wa kwanza husema: Kongo si Indonesia, tuna lugha nne za taifa. Ni kweli, na kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006 kinazitaja: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha rasmi. Mimi sidai Kiswahili kitawale Mbandaka au Kananga. Katiba hiyo hiyo inaipa serikali kazi ya kuziendeleza lugha nne bila ubaguzi, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na za mahali nafasi katika shule. Ninauliza tu: kazi ya Kiswahili itafanywa na nani, kama si kitivo kilicho katikati ya Wakongo wanaokisema?

Wa pili husema Kiswahili kililetwa na wafanyabiashara wa watumwa. Sitalikana hilo mbele ya watu wa Nyangwe, ambako mwaka 1871 Livingstone aliona watu wakipigwa risasi sokoni. Lakini Kimalei nacho kilitumiwa na makarani wa Waholanzi, na Kifaransa kilitufikia pamoja na fimbo. Lugha tunayoipenda leo kwa ajili ya diploma haina mikono safi kuliko ile tunayonunulia muhogo.

Wa tatu husema Kifaransa ndicho kinachofungua milango. Kweli, na hakuna anayetaka kukifunga. Waindonesia hujifunza Kiingereza, na wengi wanakijua vizuri. Lakini wanafika kwenye Kiingereza wakiwa tayari wamefundishwa hesabu na historia kwa lugha wanayoielewa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mlango wa mashariki unafunguliwa kwa Kiswahili.

Wa nne, na huyu mara nyingi ni mwanafunzi mwenzetu, husema Kiswahili chetu si kizuri: tunasema *batu* na *bintu*, tunasema *anasemaka*, hatufuati ngeli. Hapa ndipo Indonesia inanisaidia kuliko popote. Mtu wa Jakarta darasani anasema *tidak*, yaani hapana. Akitoka mlangoni anasema *nggak*. Hakuna mwalimu anayesema mtu huyo hajui lugha. Anajua mbili, ya maandishi na ya mtaani, na wanaisimu wao wanazisoma zote mbili. Kingwana chetu kina sarufi yake. Hiyo *-aka* ya *anasemaka* inaonyesha mazoea, ina mahali pake katika kitenzi, na inafuata kanuni ambayo mtoto wa Mikelenge haikosei hata siku moja. Kiandikwe, kielezwe, kisha Kiswahili sanifu kifundishwe juu yake bila kumfedhehesha mtu.

Ninachopendekeza si kikubwa. Jarida hili linapokea makala za Kiswahili, na ninashukuru, lakini bado ni chache karibu na zile za Kifaransa. Kwanza, kila TFC na kila mémoire ya kitivo chetu iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, ulioandikwa ili mzazi aliyelipa minerval aweze kuusoma. Pili, siku ya kutetea kazi, angalau swali moja liulizwe na kujibiwa kwa Kiswahili. Tutagundua haraka maneno gani yanatupungukia, na orodha ya maneno hayo iwekwe mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, badala ya kila mmoja kuyatunga usiku wa mwisho. Tatu, kila mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili au juu ya Kiswahili alete pia kurasa chache za lugha ya kwao: orodha ya maneno, methali zilizoelezwa, hadithi iliyorekodiwa kutoka kwa mzee. Nani hana lugha ya kwao aende kwa jirani. Hivyo lugha ya umoja itakuwa inalipa deni lake kwa zile inazozifunika.

Walimu wanaweza kuniambia kwamba kanuni za chuo haziwezi kubadilishwa na makala ya mwanafunzi. Hawatakosea. Lakini muhtasari wa kurasa mbili hauhitaji amri ya wizara, unahitaji mwongozaji mmoja anayeukubali. Na vijana wa Batavia hawakuwa na wizara yoyote. Walikuwa wanafunzi, wengi wao wamesoma kwa Kiholanzi vizuri kuliko tunavyosoma sisi Kifaransa, na ilikuwa bado miaka kumi na saba kabla nchi yao haijatangaza uhuru.

Nimalizie kwa jambo la sarufi. Kiindonesia kina maneno mawili mahali ambapo sisi tuna «sisi» peke yake. *Kita* ni sisi pamoja na wewe unayenisikiliza. *Kami* ni sisi bila wewe. Kiswahili hakitulazimishi kuchagua, kwa hiyo tunaweza kuandika «lugha zetu» maisha yote bila kusema ni za nani. Kazi zetu juu ya Kilega na Kikusu, zikiandikwa kwa Kifaransa tu, ni *kami*: wenye lugha wamebaki nje ya mlango. Ningependa promosheni ijayo, itakapopanga kazi zake za mwisho, iliweke swali hili mezani kabla ya kuchagua mada.